Barua kwa mwanangu: 300 au 400?

Mwanangu Zuhura,

Meseji yako nimeiona, nikaona nisikujibu kwa voisi manake nyumba hii haina siri na babako masikio yake unayajua. Umeniuliza ati daktari kakwambia urudi na jibu, uweke implanti za matiti za cc 300 au 400, na Salma aliweka 400 zikamkaa vizuri. Hujaniuliza kama ufanye au usifanye kwa hiyo hilo silijibu, una miaka 27 na pesa ni zako, ingawa ningependa nini unajua.

Sasa hiyo 400 ya Salma. Mimi vifua nimepima tangu hujazaliwa, vya maharusi, vya mama zao, vya wanaonyonyesha, na kitu kimoja nina uhakika nacho, saizi ya mwenzio haikuvalishi. Salma ana mabega na mgongo mpana, gauni la harusi yake si nilishona mimi. Hata sidiria, kikombe cha 34C na cha 36B ni ujazo mmoja, lakini watu wanasikia C basi wanaona huyo ndo kajaaliwa. Cc nayo ni ujazo tu, mililita, haikwambii itakaa wapi mwilini, mahali Salma kaongeza saizi moja ya kikombe wewe na wembamba wako unaweza kuongeza mbili.

Kwa hiyo anza na sentimita. Daktari akupime upana wa titi lenyewe, kutoka pale katikati ya kifua mpaka ubavuni karibu na kwapa. Tuseme una 12, sasa implanti yenye upana wa 13 na nusu itaenda wapi mamangu? Itasukuma kwapani mkono usitulie, au zisogeleane katikati mpaka mfereji upotee, ni kama kushindilia mto mkubwa kwenye foronya ndogo, utaingia ndiyo lakini kila mshono utauona. Halafu atakufinya pale juu ya titi, ikiwa nyama anayoshika haifiki sentimita 2 wengi wao huweka implanti chini ya msuli ili ukingo usionekane, na nikikumbuka mifupa yako ya kifua naona wewe ndo utakuwa huko. Upana ukishajulikana ndo mnaingia kwenye kuchomoza, manake kwa upana uleule kuna ya 275 iliyolala na kuna ya 350 iliyojitokeza mbele. Hapo ndo kuna kuchagua kwenyewe. Daktari anayekwambia uchague namba hata kabla hajatoa futi huyo mimi ananitia wasiwasi, na jina lake liangalie kwenye rejista ya KMPDC, lile baraza la madaktari la Kenya, iko kwenye intaneti, uone kama kweli ni wa upasuaji wa plastiki au ni daktari tu.

Kabla hujarudi kwake fanya hivi. Chukua ile jagi yenye alama za mililita, pima mchele 300, mwaga ndani ya mguu wa stokingi, funga fundo, papasa mpaka ulale bapa, tengeneza wa pili, vaa ndani ya sidiria ya mazoezi isiyo na sponji. Usijiangalie kwenye kioo dakika mbili ukavua. Shinda nao. Piga pasi, panda ngazi za huko kwako na mtungi wa maji, lala kifudifudi, vaa ile shati ya kazini uone kifungo kinafika ama hakifiki. Kesho yake weka 400 ufanye yaleyale. Na ujue mchele ni mwepesi kidogo kuliko silikoni, silikoni mililita moja ni karibu gramu moja, kwa hiyo 400 mbili ni kama gramu 800 ambazo huvui usiku. Ngozi yako ndo inabeba huo uzito mwaka baada ya mwaka, zikiwa kubwa kuliko nyama uliyo nayo ngozi inakonda, inavutika, zinashuka, mara unaanza kuona mikunjo ubavuni.

Na implanti hazidumu maisha, hilo hata FDA, mamlaka ya dawa na vifaa vya matibabu ya Marekani, tangu 2021 imelazimisha mgonjwa aambiwe kabla ya kusaini. Kuna kurudi kuzitoa au kuzibadilisha, na za silikoni wanashauri zipigwe picha, MRI au ultrasaundi, mwaka wa 5 au wa 6 halafu kila miaka 2 au 3, kwa hiyo kwenye bajeti yako weka na hiyo. Uliza pia ganda lake ni laini au la kukwaruza, zile za kukwaruza aina ya Biocell, za kampuni ya Allergan, ziliondolewa sokoni 2019 kwa sababu ya saratani fulani ya limfu. Na kama unataka kunyonyesha huko mbele mwambie mapema, asipitishie kisu kwenye duara la chuchu.

Ukipimwa nipigie, unitajie upana kwanza ndo tuongee cc. Sidiria mpya usinunue kwa haraka, uvimbe unakaa miezi na zenyewe zinachukua muda kushuka mahali pake. Blauzi zako zilete zote Mombasa, zile za kitenge niliziachia mshono wa kutosha ubavuni, zitatanuka, ila ile nyeupe ya hariri haina kitambaa cha ziada, hiyo mpe mdogo wako.

Mamako