Phish hawarudii orodha ya jana

Kaka, umeuliza kama tiketi ya siku mbili ya Phish, bendi ya roki ya Marekani, ni hasara kwa kuwa watarudia nyimbo zile zile. Hapana, usiku wa pili si nakala ya wa kwanza. Phish hubadilisha orodha ya nyimbo kila onyesho. Mwaka 2017 walipiga usiku 13 katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, kuanzia 21 Julai hadi 6 Agosti, na hakuna wimbo hata mmoja uliorudiwa. Na hata wimbo unaoujua hautoki vile vile: wimbo wao Tweezer walioupiga Lake Tahoe, Marekani, Julai 2013 ulipita nusu saa, sehemu kubwa ukibuniwa palepale jukwaani. Ni kama taarabu ya harusi hapa Lamu, watu wakianza kutunza, wimbo hauishi mpaka mpigaji atake.

Mimi nawafuata kwa rekodi tu, nikiwa huku mtaa wa Langoni. Bendi inaruhusu mashabiki kurekodi kwa maikrofoni zao na kupeana bure, mradi wasiuze, ndiyo maana ni rahisi kulinganisha usiku na usiku.

Ila usiende na wimbo mmoja moyoni. Orodha haitangazwi mapema, unaweza kusafiri mpaka Marekani na ule unaoupenda usipigwe kabisa. Kawaida ni awamu mbili na mapumziko katikati, na ile ya pili ndiyo yenye kurefushwa zaidi. Kama umechoka na safari, lala mchana.