Sikuwa mvivu, nilikuwa naogopa

Kila nikienda kliniki ya kisukari swali lilikuwa lile lile: "Mazoezi unafanya?" Nami najibu, "Najitahidi." Uongo mtupu.

Nyumbani waliniita mvivu, nikakubali, maana uvivu ni rahisi kuukiri kuliko woga. Ukweli ni kwamba siku moja nilichoma insulini, nikachelewa kula, nikaondoka kwa mwendo wa haraka. Haikupita nusu saa, mikono ikaanza kutetemeka, jasho la baridi likanitoka, macho yakaona ukungu. Kipimo cha sukari kikasoma 3.1 mmol/L, chini mno. Tangu hapo, ukinitajia mazoezi naitikia kwa kichwa na kubaki kitini.

Nilipomweleza daktari (baada ya miaka, aibu tupu), hakunigombeza. Aliniambia misuli ikifanya kazi hufyonza sukari yenyewe, hata bila msaada wa insulini. Kwa hiyo siku ile sukari yangu ilivutwa na wawili kwa wakati mmoja, na tumboni hamna kitu. Akapanga upya dozi yangu ya siku za mazoezi. Hilo usijifanyie mwenyewe, tafadhali. Anayetumia vidonge vya metformin peke yake ni nadra kushukwa na sukari, lakini sisi wa insulini, na wanaomeza glibenclamide, tuna sababu ya kujihadhari.

Sasa napima kabla sijatoka. Ikiwa chini ya 5, nakula kwanza. Mfukoni nina glukosi: ikishuka chini ya 4 natafuna gramu 15, nasubiri dakika 15, napima tena.

Dakika 150 za mazoezi kwa wiki zilinitisha nilipozisikia. Nikaanza na 15 tu, kutembea baada ya chakula cha jioni. Siku ya kwanza nilitoka na 11.6, nikarudi na 8.4. Namba ile ilinisukuma kuliko mawaidha yote ya ndugu zangu. Ila nikinyanyua vitu vizito wakati mwingine sukari hupanda, kwa sababu mwili ukijikaza sana ini humwaga sukari. Nasubiri, inashuka. Na viatu navikung'uta kabla ya kuvaa. Unyayo uliotiwa ganzi na kisukari hausikii kokoto.

Juzi kliniki, swali lile lile. Nikatoa daftari langu la mazoezi. Daktari akaweka kidole kwenye siku mbili zisizo na kitu: "Na hizi?"

"Hizo," nikamwambia, "ulikuwa uvivu."