Ukimsaka babu wa karne ya 19 Marekani, msake na majirani zake

Mke wangu ni Mmarekani mweusi. Nilipoanza kumsaidia kumtafuta babu wa babu yake, niliandika jina, yakaja majina kumi na mawili yanayofanana, nikachagua lililonipendeza. Miezi saba nikahangaika na ukoo wa watu wengine!

Wewe unayeanza, anza na wazee walio hai, kisha rudi nyuma sensa moja moja. Sensa ya kule hufanyika kila miaka 10. Kabla ya 1850 utakuta jina la mwenye nyumba tu. Mkewe na watoto ni tarakimu. Kuanzia 1850 kila mtu huru ana jina lake. Mtumwa hana. Daftari za watumwa za 1850 na 1860 zina jina la bwana, na chini yake mistari ya umri, jinsia na rangi: mwanamume, 34, mweusi. Basi. Ndiyo maana familia nyingi za weusi zinaonekana kwa majina mara ya kwanza mwaka 1870. Ile ya 1890 isahau, karibu yote iliharibika kwa moto wa Washington, Januari 1921. Kwa hiyo kati ya 1880 na 1900 mtoto anaweza kuzaliwa, akakua, akaoa na kuhama, usimwone popote.

Karani wa sensa alipita nyumba kwa nyumba, akiandika majina alivyoyasikia. Leo babu ana herufi hizi, baada ya miaka 10 ana nyingine. Nakili kaya kumi za juu yake na kumi za chini. Jina likikupotea, tafuta hao. Watu walihama pamoja na kuoleana.

Na kama alipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, agiza jalada la pensheni ya mjane wake kutoka Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa. Mjane alitakiwa kuthibitisha ndoa, na waliooana utumwani hawakuwa na cheti, hivyo walileta mashahidi. Katika jalada letu kuna mama mmoja aliyeapa kwamba siku ya harusi alikuwepo, akaweka alama ya X mahali pa sahihi. Mke wangu alilisoma jina lake mara mbili, akaenda kuchukua nakala yetu ya sensa ya 1870. Mama yule alikuwa kaya ya pili chini yao.