Rangi nilizojifunza darasani na rangi nilizojifunza bandani: jibu kutoka Mtwara

Ndugu yetu wa Masasi ameeleza kwamba anasoma sanaa mwaka wa kwanza, kwamba vipindi vya nadharia ya rangi vinamchosha kwa kuwa haoni vinamsaidia nini mbele ya turubai, na kwamba anafikiria kuviacha akakae na wachoraji wanaokula kwa brashi zao. Mimi nilipita njia zote mbili kwa pamoja hapa Mtwara mjini kwa karibu miaka mitatu, asubuhi darasani na jioni bandani, na ushauri wangu ni kwamba usiliache somo, bali ulibebe ukalijaribu kwa fundi siku ileile, kabla halijageuka maneno ya kukariri.

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana ndilo lililonifungua macho. Mchoraji wa mabango niliyekuwa nikimsaidia karibu na stendi alinikabidhi kibao cha duka la vipuri vya baiskeli. Wiki hiyo tulikuwa tumefundishwa duara la rangi, yaani mchoro unaozipanga rangi kwa mzunguko, kwamba nyekundu na kijani hukabiliana, na kwamba rangi zinazokabiliana zikilazwa pamoja kila moja huikoleza nyenzake. Nikapaka ubao wote kijani, nikaandika herufi nyekundu, na nilipousogelea niliuona mzuri sana. Mzee hakunilaumu. Alinishika mkono tukavuka barabara, akasema, "Haya mwanangu, nisomee." Nilishindwa. Kingo za herufi zilikuwa zikitetemeka, na jina la duka lilikuwa limemezwa na ubao. Akaniambia, "Rangi umebadilisha, giza lake hukubadilisha."

Sentensi hiyo moja ilinifafanulia kile ambacho daftari langu lilikuwa nacho tayari bila mimi kukielewa. Albert Munsell, mwalimu wa sanaa wa Marekani aliyetoa mfumo wake mwaka 1905, aliipima kila rangi kwa mambo matatu: jamii yake, yaani kama ni nyekundu au buluu au njano, mwanga wake, yaani iko karibu kiasi gani na nyeupe au na nyeusi, na ukolevu wake. Mimi nilitofautisha jamii peke yake. Nyekundu yangu na kijani changu vilikuwa na mwanga uleule, na jicho likisoma kwa mbali hutegemea zaidi tofauti ya mwanga kuliko tofauti ya jamii. Ndiyo maana herufi nyeusi juu ya njano husomeka hata na abiria aliye ndani ya basi linalokwenda. Tangu siku ile, kabla sijamaliza kazi, hufumba macho nusu nikaitazama, au huipiga picha kwa simu na kuiondoa rangi. Sehemu mbili zikigeuka kijivu kimoja, najua zitagombana. Utazame pia mkorosho wakati wa msimu: mabibo mekundu yanaonekana vizuri katikati ya majani ya kijani kwa sababu jua hulala juu ya ngozi yake laini, huku majani ya nyuma yakiwa kivulini.

Somo la pili nililipata kwa mchoraji wa Tingatinga aliyerudi nyumbani kutoka Dar es Salaam. Mtindo huo ulianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, aliyetumia rangi za makopo zenye kung'aa juu ya hadubodi. Mwalimu wangu huyu alipaka usuli kwanza, yaani rangi ya nyuma ya picha, akauacha ukauke, ndipo akachora wanyama. Siku moja alinitengea kijivu katika kikopo kimoja, akaniagiza nikipake juu ya usuli wa rangi ya machungwa na juu ya usuli wa buluu. Kwenye rangi ya machungwa kilielekea ubuluu, na kwenye buluu kikapata joto kama la udongo, ingawa kilitoka kopo moja. Mfaransa Chevreul alilieleza jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1839. Alikuwa msimamizi wa upakaji rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris, na watu walilalamika kwamba nyuzi nyeusi zilikuwa hafifu. Alipochunguza aliona kuwa tatizo halikuwa kwenye nyuzi bali kwenye rangi zilizopakana nazo. Nilikuwa nimeisoma habari hiyo na kuifaulu katika mtihani, lakini niliiamini nilipokiona kile kijivu.

Kuhusu kuchanganya, jambo ambalo wanafunzi wengi huhangaika nalo ni kijani kinachotoka kama matope. Buluu ya ultramarini ina uzambarau ndani yake. Ukiiunga na njano inayoelekea machungwa, wekundu uliojificha katika zote mbili huua kijani chako. Chukua buluu inayoelekea kijani na njano ya limau, nacho kitatoka hai. Hata hivyo, usiyadharau matope hayo, kwani kwa majani makavu ya nyanda za Wamakonde yanafaa kuliko kijani safi.

Ukipata nafasi, keti pia na mchongaji wa mpingo. Hana rangi, ana mwanga tu, na wengine huacha kwa makusudi utepe wa mti wa nje ulio mweupe-mweupe kando ya moyo mweusi. George Lilanga, mtu wa kusini huku huku, aliyezaliwa mwaka 1934, alichonga kabla ya kuchora, nami naona uchongaji huo katika michoro yake.

Namna ya kuingia bandani: mwamkie mzee, mweleze unachosoma, omba kuosha brashi na kupiga msasa hadubodi, na usiombe kuchora wiki ya kwanza. Nenda na kipande chako cha ubao. Kazi yako ya mwanzo iwe ngazi tisa kutoka nyeusi hadi nyeupe, kisha kando yake ngazi tisa za buluu, kila moja ikiwa na mwanga uleule wa ngazi iliyo jirani nayo. Ukishazimaliza, mwombe mzee azitazame akiwa upande wa pili wa barabara.