Ardhkuwari usiipite, hata kama wenzio wana haraka

Mwanangu, marahaba. Voisi yako nimeisikiliza mara mbili maana mara ya kwanza bodaboda zilikuwa zinapita hapa nje, kwa hiyo kama nimekuelewa ni hivi: wenzio wa hosteli huko India wanaenda Vaishno Devi, lile hekalu la Wahindu la mlimani Jammu, mkimaliza mitihani ya Desemba, wamekualika, na sasa wanabishana kama msimame Ardhkuwari, pale penye pango katikati ya njia, au mpite moja kwa moja kwa sababu ya foleni, na wewe unataka kujua pale kuna nini hasa, na kama mtoto wa Kiislamu kutoka Tanga anaruhusiwa kuingia kwenye lile pango. Najibu kwa kuandika, kwa sauti nitasahau nusu.

Ruhusa ipo. Hakuna anayekuuliza dini, unajiandikisha Katra, mji wa chini ya mlima, kama watu wote, unapewa kadi yako ya safari na unapanda, we beba pasipoti tu. Na ukianza kupanda utashangaa, wenye farasi wale wengi na wabeba machela ni Waislamu wa vijiji vya huko huko, kutwa nzima wanaitikia Jai Mata Di, yaani ushindi kwa Mama, na wateja wao na ndo riziki yao hiyo. Niliwaona enzi zangu nikisoma Chandigarh, miaka ya 90, treni ilikuwa inaishia Jammu alafu unapanda basi la kona kona mpaka utapike, nyie mmepata stesheni pale pale Katra tangu 2014 mnajiona wajanja.

Sasa Ardhkuwari. Kutoka Katra mpaka juu Bhawan, kwenye hekalu lenyewe, ni kama kilomita 12 hivi au 13, na Ardhkuwari iko katikati, kwa hiyo ukiitazama kwa macho ya miguu yako utadhani ni kituo cha kupumzika tu, chai, choo, twende. Ndivyo wenzio wanavyoiona. Lakini ile njia nzima ni hadithi moja, mwanangu, kila wanaposimama pana kipande chake, na ukikiruka kimoja hadithi inakatika.

Wanasema hapo chini Katra palikuwa na mzee maskini anaitwa Shridhar, akaandaa karamu, na yule mungu wao wa kike akaja kwa umbo la binti mdogo kumsaidia kulisha watu. Katika wageni akawemo mmoja, Bhairon Nath, mtu wa nguvu za uganga, akakataa chakula cha pale akataka nyama na pombe. Binti akamkatalia, jamaa akataka kumkamata, binti akakimbilia mlimani. Hapo ndo safari inaanza, maana mahujaji wote wale wanafuata njia aliyokimbilia yule binti. Chini kabisa kuna mto Banganga, alipiga mshale ardhini maji yakatoka. Mbele kidogo Charan Paduka, hapo aligeuka nyuma kuangalia kama bado anafukuzwa, nyayo zake wanazionyesha mpaka leo. Alafu ndo Ardhkuwari, akaingia pangoni akajificha akifanya ibada miezi tisa. Miezi tisa! Wakati mtu anakutafuta nje na panga. Alipogunduliwa akatoboa upande wa pili kwa mkuki wake wa ncha tatu akatokea huko, akapanda mpaka Bhawan, na pale mlangoni ndo akamkata kichwa Bhairon.

Na sehemu inayonigusa mimi ni hii, yule Bhairon wakati anakufa aliomba msamaha na akasamehewa, tena akapewa heshima kwamba hija ya mtu haikamiliki mpaka akamtembelee na yeye, kichwa chake kiliangukia mlima wa juu zaidi, hekalu lake liko huko, siku hizi kuna na kebo ya kupandia tangu mwisho wa 2018. Msije mkageuzia Bhawan.

Ndo maana lile pango la Ardhkuwari wanaliita tumbo la mama, miezi tisa hiyo. Ni jembamba kwelikweli. Mtu anaingia kwa magoti, mahali pengine analala kabisa na tumbo anajivuta kwa viwiko kama anatafuta shilingi iliyodondokea uvunguni, wa nyuma anamsukuma miguu, wa mbele anamvuta mkono, anatokea upande wa pili. Wanaamini aliyepita amezaliwa upya. Na wanasema hata uwe mnene vipi, ukiwa na nia safi unapita, sasa hapo ndo utaona vituko, baba wa watu na kitambi chake amesimama mlangoni anavua sweta huku mkewe anamcheka.

Mimi sikuingia. Si kwamba niliogopa dhambi, na wewe sikuamulii, umeshakuwa mtu mzima na dini yako unaijua. Ila nilipoiona ile foleni, bibi vizee wametoka majimbo ya mbali huko, wamefunga vitambaa vyekundu kichwani, wamekaa sakafuni usiku kucha na blanketi wanasubiri kundi lao liitwe, nikasema nafasi yangu nimwachie mmoja wao, mimi pango hilo nalitaka kwa udadisi tu na yeye analitaka kwa maisha yake yote. Nikabaki uani na mabegi na viatu vya wenzangu. Na nakwambia hapo uani ndo mahali pazuri kuliko pote, unaona nyuso za watu wanavyotoka. Kuna mama mmoja alitoka vumbi mpaka kwenye nyusi, analia anacheka, akanishika mikono yote miwili akanisemesha Kihindi cha mbio sikuambulia hata neno, akanipa kipande cha nazi akaenda zake.

Kwa hiyo jibu langu ni msimame. Wenzio wachukue namba ya kundi wakifika tu, kama foleni ni ya masaa kibao basi wapande Bhawan kwanza waje waingie wakati wa kushuka, wengi wanafanya hivyo. Wewe ukitaka kuingia ingia, ukitaka linda mabegi, ila usikubali mkachepuke tu kwenye ile njia ya Himkoti inayopita pembeni kwa sababu eti kuna gari za betri na mwinuko mdogo. Njia yenyewe haina ubaya, mkishatoka Ardhkuwari pitieni hiyo hiyo, ule mlima wa zamani wa Hathi Matha utawaua magoti. Nachokataa ni kuruka kituo.

Kuna mambo mawili ya usalama na haya sibembelezi. Msiende kipindi cha mvua za Julai na Agosti hata mkialikwa tena, Agosti 2025 mlima uliporomoka karibu na hapo hapo Ardhkuwari, watu zaidi ya 30 wakafa, walikuwa wanatembea tu njiani. Na Desemba hii msije mkapanga mkawe Bhawan usiku wa mwaka mpya, usiku kama huo kuamkia 2022 watu walikanyagana pale juu wakafa 12. Nendeni kabla ya Krismasi. Baridi ni kali, lile koti la mtumba alilokununulia shangazi yako halitoshi, vaa mbili.

Chakula msibebe, njiani kuna migahawa ya bodi ya hekalu, wali na maharage mekundu, hawaweki kitunguu wala saumu na utakula usahau. Nyama na pombe hata Katra mjini hamna, kwa hiyo yule rafiki yako tunayemjua mimi na wewe mwambie mapema.

Na laini yako ya kuweka vocha haitashika ukishaingia Jammu, za kulipia mwisho wa mwezi ndo zinafanya kazi kule, kwa hiyo tafuta mwenzio mwenye nayo, unitumie namba yake kabla hamjaondoka, na baba yako nishamwambia asianze kupiga simu polisi.