Mara ya kwanza niliikataa sindano, mara ya pili niliiomba mwenyewe

Mimba mbili, mume mmoja, hofu ileile. Ya kwanza nilikataa kuchukuliwa maji ya uzazi. Ya pili nilipanda kitandani kwa miguu yangu nikapandisha gauni. Naandika haya kwa ajili ya mwanamke aliyetoka kliniki leo na karatasi yenye maneno "hatari kubwa", ambaye usiku huu usingizi hautamjia.

Tuanze na hiyo karatasi, maana mimi niliisoma vibaya. Kipimo cha awali hakimwoni mtoto, kinakadiria tu uwezekano wa yeye kuwa na sindromu ya Down. Kinafanywa kati ya wiki ya 11 na mwisho wa wiki ya 13, na kinachukua umri wa mama, damu yake (homoni ya hCG na protini iitwayo PAPP-A), pamoja na altrasaundi inayopima unene wa maji yaliyo nyuma ya shingo ya mtoto. Kompyuta inavichanganya vyote na kutoa namba. Yangu, nikiwa na miaka 34, ilikuwa 1 kati ya 220.

Namba sikuiona. Niliona yale maneno mawili mekundu juu yake. Nilikaa tumbo joto siku 4 mpaka mume wangu, mtu ambaye huhesabu hata ngazi anazopanda, akaniambia: "Mama, wajaze wanawake 220 wenye majibu kama yako ukumbini. Wanaotoka na mtoto asiye na tatizo hili ni 219." Baadaye nikajifunza kitu kilichonikasirisha kidogo: mstari unaotenga hatari kubwa na hatari ndogo huchorwa na watu. Maabara moja huuweka kwenye 1 kati ya 150, nyingine 250, nyingine 300. Kwa namba yangu ileile kuna mahali ningeambiwa nenda zako nyumbani, mama, uko salama.

Sisemi uidharau. Kipimo hiki hunasa kama asilimia 85 hadi 90 ya mimba zenye sindromu ya Down, yaani mtoto mwenye kromosomu (vifurushi vya urithi ndani ya chembe) 3 za namba 21 badala ya 2, jambo ambalo daktari Mfaransa Jérôme Lejeune na wenzake walilieleza mwaka 1959. Huangalia pia kromosomu ya 18 na ya 13, ambazo zikizidi hali huwa nzito mno na watoto wengi hawamalizi mwaka wa kwanza. Lakini ili kuwanasa hao, huwatia hofu bure kama wanawake 5 katika kila 100 ambao watoto wao hawana lolote. Na wapo wachache wanaoambiwa hatari ndogo, kumbe mtoto anayo. Kwa hiyo unapopewa namba, umepewa uwezekano. Jibu bado hujapewa.

Daktari alinieleza kwamba jibu lingepatikana kwa amniosentesisi: sindano kupitia tumboni, maji kidogo yavutwe, chembe za mtoto zilizomo zihesabiwe kromosomu. Nikauliza mimba inaweza kutoka? Akasema inaweza, mara chache. Kabla ya hapo nilikuwa nimeshapoteza mimba moja, na ile iliyokuwa tumboni niliisubiri miaka. Neno "mara chache" lilinitosha kusema hapana. Uamuzi huo siujutii. Ninachojutia ni kwamba nilikataa sindano bila kukata shauri juu ya kuishi na kutojua. Kwa miezi 5 niliigeuza kila altrasaundi kuwa mahakama. Pua mbona fupi? Paja mbona dogo? Mpimaji akinyamaza sekunde 10, mimi jasho.

Na mtoto alipozaliwa, wakamlaza kifuani kwangu, sikumwangalia usoni. Nilimfungua kiganja. Nilikuwa nimesoma kwamba watoto wengi wenye Down huwa na mstari mmoja unaokata kiganja chote, na mkono wake wa kushoto ulikuwa nao. Dunia ilizima. Mkunga ndiye aliyemwita mume wangu na kumwambia afungue mkono wake: mstari uleule, kushoto vilevile. Watu wengi tu wanao na hawana tatizo lolote. Mwanangu alikuwa mzima, lakini nilikuwa nimempekua kabla sijamsalimia, na hilo ndilo lililonifanya niamue tofauti baadaye.

Mimba ya pili nilikuwa na miaka 38. Umri ni jambo la kweli, si maneno ya kutisha kina mama: uwezekano wa kuzaa mtoto mwenye Down ukiwa na miaka 20 ni kama 1 kati ya 1,500, miaka 35 ni kama 1 kati ya 350, miaka 40 ni kama 1 kati ya 100. Karatasi yangu ilisoma 1 kati ya 64. Safari hii niliisoma namba kwanza.

Safari hii pia palikuwa na njia ya katikati: kipimo cha damu kinachotafuta vipande vya DNA ya mimba vinavyoelea kwenye damu ya mama. Mtafiti Dennis Lo na wenzake walionyesha mwaka 1997 kwamba vipande hivyo vipo, na tangu mwaka 2011 hospitali zikaanza kuvitumia. Unaweza kupima kuanzia wiki ya 10, hakuna sindano tumboni, na kwa Down hunasa zaidi ya asilimia 99, huku kikimtia hofu bure kama mwanamke 1 tu katika 1,000. Ukisikia hivyo unaona mambo yamekwisha. Hapana. Vipande hivyo hutoka kwenye kondo la nyuma, na kondo na mtoto mara nyingine hawafanani. Tena, jibu baya uzito wake unategemea wewe ni nani. Tuseme wanawake 10,000 ambao kati yao 10 tu wana mimba yenye tatizo: kipimo kitawanasa hao 10 na kutia hofu wengine kama 10, kwa hiyo anayeambiwa "ipo" ana nusu kwa nusu. Tuseme sasa ni 10,000 wenye umri mkubwa, na wenye tatizo ni 100: wanaotiwa hofu bure ni walewale 10, basi anayeambiwa "ipo" karibu hakika ipo. Ndiyo maana hata hiki kinahesabiwa kuwa kipimo cha awali, na hakuna daktari makini atakayekuacha uchukue hatua isiyorudi nyuma kwa hicho pekee.

Mimi hata hapo sikufika. Jibu langu lilirudi tupu: DNA ya mimba iliyokuwamo kwenye damu haikutosha kusomwa. Hutokea, hasa ukipima mapema au ukiwa na mwili mkubwa kama mimi. Wakasema nirudie. Nilikuwa nimeshapoteza wiki mbili. Usiku ule tulikaa jikoni na mume wangu, na kwa mara ya kwanza tukaulizana lile swali ambalo ningepaswa kuulizwa kabla ya tone la kwanza la damu: jibu tunalitaka tulifanyie nini?

Ukiniuliza mimi, swali hilo ndilo linaloamua, namba inafuata nyuma. Kuna anayetaka kujua kwa sababu huenda asiendelee na mimba, panapowezekana na dhamiri yake ikimruhusu. Huyo anahitaji uhakika, na anauhitaji mapema, pengine hata kwa kuchukua chembe za kondo la nyuma kuanzia wiki ya 11 badala ya kungoja maji ya wiki ya 15. Kuna ambaye ataendelea na mimba vyovyote iwavyo lakini anataka kujiandaa. Rafiki yangu mmoja alikuwa hivyo. Aliambiwa ndiyo, ni Down, na kwa kuwa karibu nusu ya watoto hao huzaliwa na kasoro ya moyo, moyo ulichunguzwa tumboni, tundu likaonekana, akajifungulia penye madaktari wa moyo. Watu waliomwambia "sasa ulipima ya nini kama ulikuwa huitoi?" hawakujua wanasema nini. Na kuna asiyetaka kujua kabisa. Huyo ana haki ya kukataa vyote, hata kile cha kwanza, bila kuitwa mshamba. Mimi na mume wangu tuligundua sisi ni wa kundi la pili, na kwamba mimi hasa sikuweza kurudia ile miezi 5.

Nikauliza kuhusu hatari kwa maneno ya wazi. Ile asilimia 1 inayotajwa sana ilitoka kwenye utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 1986, wenye wanawake zaidi ya 4,600. Makadirio ya siku hizi ni chini ya nusu ya asilimia moja kwa mtaalamu mzoefu. Kwa hiyo usiulize tu "ni salama?" Uliza: wewe mwenyewe daktari hufanya mara ngapi? Nilimwuliza, na hakukasirika.

Siku yenyewe, wiki ya 16, altrasaundi ilitafuta mfuko wa maji ulio mbali na mtoto. Ngozi ikapakwa dawa baridi. Sindano ni ndefu na nyembamba. Nakushauri uangalie dari. Nilihisi mchomo kama wa kutolewa damu, halafu mkazo wa ajabu ndani, kama tumbo limeshtuka. Maji yaliyovutwa hayakuzidi vijiko 4 vya chai, ya manjano hafifu. Sehemu kubwa ya maji hayo ni mkojo wa mtoto, naye huyarudisha bila kinyongo. Kwa kuwa kundi langu la damu ni O hasi, nilichomwa pia anti-D, sindano inayozuia mwili wangu kutengeneza kinga dhidi ya damu ya mtoto. Kama wewe ni hasi na hakuna aliyeitaja, itaje. Mwenye VVU aseme mapema, ili wingi wa virusi uangaliwe kabla ya sindano. Nilipumzika siku hiyo, sikubeba ndoo wala mtoto kwa siku kadhaa, na niliambiwa nirudi mbio nikiona maji yanavuja, damu, homa, au maumivu yasiyotulia.

Jambo moja tulilisahau nusura litugharimu: kukubaliana tuambiwe nini. Maji yale yanaweza kuonyesha mengine ambayo hukuyatafuta, na jinsia pia. Semeni kabla. Na msidhani yanaonyesha kila kitu. Usonji hayauoni, kasoro nyingi za viungo hayazioni, kwa hiyo altrasaundi ya wiki ya 18 hadi 22 iko palepale.

Jibu la haraka, la zile kromosomu chache, lilikuja siku ya tatu. Jibu kamili lilichukua zaidi ya wiki mbili, na ndizo zilizokuwa ngumu kuliko sindano. Simu ilipolia nilikuwa naanika nguo. "Mama, kromosomu ni 46, zote ziko sawa." Nilimshukuru, nikaendelea kuanika, kisha nikagundua naanika zilezile nilizokuwa nimeshaanua.

Binti yangu alipolazwa kifuani nilimwangalia macho, ambayo alikuwa ameyafumba kwa hasira. Viganja vyake niliviona siku ya tatu, nikimwogesha, kwa sababu vilikuwa vimejaa nyuzinyuzi za blanketi.