Duka la programu ni zuri, mradi lisiwe mlango pekee

Mkuu, umeuliza kwa nini tunapinga maduka ya programu yaliyofungwa, yaani yale yanayokuwa njia pekee ya kupata programu, ilhali Linux, mfumo endeshi huria, ilikuwa na hazina zake za programu (maghala ya kupakulia) miaka mingi kabla Apple haijafungua App Store mwaka 2008. Nusu ya hoja yako naikubali. Kupata programu mahali pamoja, zimekaguliwa na zinasasishwa kwa mkupuo, ni raha. Natumia Debian, aina mojawapo ya Linux, kila siku na karibu kila kitu nakitoa kwenye hazina yake.

Lakini tazama inavyofanya kazi. Orodha ya hazina ninazoziamini ni faili la maandishi tu, limo ndani ya /etc/apt. Nilipohitaji toleo jipya zaidi la PostgreSQL, programu ya hifadhidata, kuliko lile la Debian, niliongeza hazina ya wenyewe PostgreSQL, nikaweka ufunguo wao wa sahihi ya kidijitali, unaothibitisha kwamba programu imetoka kwao kweli, nikasakinisha. Ulinzi haukuondoka, maana sahihi zao zilihakikiwa vilevile kabla ya chochote kuingia. Kilichobadilika ni kwamba aliyeamua nani aaminiwe ni mimi mwenye mashine. Hata hazina nisipoitaka, napakua msimbo wa programu na kuujenga mwenyewe.

Sasa linganisha na Windows RT ya mwaka 2012. Kwa sura ilikuwa Windows kabisa, hata eneokazi lilikuwepo, ila mtumiaji wa kawaida alipata programu za watengenezaji wengine kupitia duka la Microsoft peke yake. Secure Boot, kinga inayozuia mashine kuwaka na mfumo usioidhinishwa, nayo haikuwa na pa kuizima, kwa hiyo huwezi kusema basi, nitaweka Linux. Duka halikujaa, mfumo ukaachwa, na wenye mashine wakabaki na walichonacho.

Mfano unaonigusa zaidi ni VLC, programu huria ya kuchezea video. Mwanzoni mwa 2011 iliondolewa App Store baada ya mmoja wa waandishi wake kulalamika kwamba masharti ya duka hayapatani na leseni ya GPL. Leseni hiyo inampa kila mtu haki ya kunakili na kusambaza programu. Duka lilikuwa linaweka mipaka juu ya haki hiyohiyo. Ilirudi 2013, baada ya leseni kubadilishwa. Muda wote huo mwenye kompyuta aliendelea kuipakua VLC kwenye tovuti ya VideoLAN, watengenezaji wake. Mwenye iPhone ambaye hakuwa nayo alisubiri tu. Ona hapo nani alimfuata mwenzake: leseni ndiyo iliyoinama.

Hoja ya virusi ni ya kweli, siibezi. Onyo kabla ya kufungua programu isiyojulikana nalitaka kabisa. Ninachokipinga ni onyo kugeuka ukuta kidogo kidogo. Kwenye Mac, zamani ulibofya programu kwa kitufe cha Control ukachagua kuifungua hata kama haijathibitishwa. Tangu macOS Sequoia, toleo la 2024 la mfumo wa Mac, njia hiyo imeondolewa, lazima uende hadi kwenye mipangilio ya faragha na usalama. Mlango bado upo, ila umesogezwa mbali, na mtu asiye fundi hataufikia.

Kwa hiyo kabla ya kununua kompyuta, uliza mambo mawili: je, naweza kusakinisha programu kutoka kwenye faili nililopakua mwenyewe, na je, naweza kuuondoa mfumo huu nikaweka mwingine? Swali la pili wengi hawaliulizi mpaka masasisho yakatike.